Saa ya baba ina jambia la Oman usoni, na dalali anataka jibu kabla ya Ijumaa

Swali: «Shikamoo fundi. Baba yetu alifanya kazi Muscat kuanzia 1973 hadi 1988, kwanza dereva, kisha mtunza stoo katika kambi ya jeshi, ndipo akarudi Mombasa. Alifariki mwaka jana. Ametuachia Rolex Datejust ya chuma, ukingo wake una matuta, na upande wa chini wa uso, penye sita, pana jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Alikuwa akituambia alizawadiwa kazini. Uso una madoa ya kahawia upande mmoja, kioo kimechubuka, na ukiivaa inatembea lakini inachelewa dakika kadhaa kwa siku. Fundi wa mjini anasema ataupaka uso upya na kuipiga polishi ing'are, ndipo ipate bei. Dalali wa Dubai aliona picha kwenye simu ya binamu yangu. Anatoa dola 3,500 taslimu na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Mdogo wangu anasema tusiuze hata kwa dola 100,000 kwa sababu Rolex iliwahi kuuzwa milioni 17, na kama ni lazima kuuza, basi tununue Rolex mpya mbili tuziweke zipande bei. Tuko ndugu wanne. Tufanye nini?»

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Mungu amrehemu mzee wenu.

Kabla ya maelezo yoyote: saa isiende kwa fundi, na dalali asipewe jibu Ijumaa. Mambo hayo mawili hayawagharimu hata shilingi, na ndiyo yanayolinda kila kitu nitakachokieleza hapa chini.

Nikikusoma vizuri, mmeshikwa na hofu mbili. Moja, msije mkauza kitu adimu kwa bei ya kutupa. Ya pili, msije mkang'ang'ania ndoto ya mamilioni mpaka mkakosa hata hizo 3,500. Hofu zote mbili zina msingi. Bei ya saa yenu inategemea jambo moja ambalo bado hakuna aliyelithibitisha: kama lile jambia lilichapwa Uswisi kwa oda ya Oman, au lilichapwa na mjanja miaka mingi baadaye. Kwa picha ya simu halijulikani. Anayekutajia bei kwa picha tu anabahatisha, au anajua kitu ambacho hakuambii.

Tuanze na milioni 17 za mdogo wako, maana hakudanganywa. Tarehe 26 Oktoba 2017, mjini New York, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza Rolex Daytona, modeli 6239, kwa dola 17,752,500. Lakini ile ilikuwa saa ya Paul Newman mwenyewe, mwigizaji wa Marekani aliyependa pia mashindano ya magari. Saa hiyo alinunuliwa na mkewe, Joanne Woodward, ambaye alichongesha nyuma yake maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Newman aliivaa miaka mingi, akapigwa nayo picha zisizo na idadi, kisha mwaka 1984 akampa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Saa nyingine za modeli hiyohiyo, zenye uso wa mtindo uleule, huuzwa kwa laki chache tu za dola. Pengo lote lililobaki ni malipo ya ushahidi wa nani aliivaa. Halafu uso wenyewe, kwa taarifa yako, haukupendwa ulipotoka miaka ya 1960. Wenye maduka walikaa nazo, wateja wakiomba ule wa kawaida.

Mwambie mdogo wako jambo jingine kuhusu tarakimu hiyo. Nyundo ya mnada iligonga kwenye dola milioni 15.5. Kilichozidi hapo ni ada ya mnunuzi, inayokwenda kwa nyumba ya mnada, na muuzaji naye anaweza kukatwa kamisheni kwa makubaliano. Bei inayotangazwa kwenye habari huwa ni ile aliyolipa mnunuzi. Mwenye saa hupokea pungufu.

Kuna kosa jingine ninalolisikia kila mara, kwamba saa ikiwa ya dhahabu lazima iwe ghali kuliko ya chuma. Patek Philippe, watengenezaji wa saa wa Uswisi, walitengeneza modeli 1518 kuanzia 1941, takriban 280 kwa jumla, nyingi za dhahabu. Za chuma zinazojulikana ni nne. Novemba 2016 mojawapo ya hizo nne iliuzwa Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 11, wakati dada zake wa dhahabu huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Na saa ya mkononi iliyouzwa kwa faranga milioni 31 mwaka 2019 katika mnada wa hisani wa Only Watch, Patek Philippe Grandmaster Chime, ilikuwa ya chuma pia, moja pekee ya aina yake. Kwa hiyo ukienda kwa sonara akaipima saa ya baba kwa gramu, mshukuru kisha uondoke. Matuta yale ya ukingo huenda yakawa ya dhahabu nyeupe, maana ndivyo Rolex walivyofanya kwenye modeli hiyo, lakini thamani ya madini yake ni ndogo.

Sasa tuje kwenu. Datejust ilianza kutengenezwa 1945. Kwa maelezo yako, ganda la chuma lenye ukingo wa matuta, na kwa miaka aliyokaa mzee Muscat, nadhani ni modeli 1601, au 16014 iliyoifuata mwishoni mwa miaka ya 1970. Namba ya modeli imechongwa ubavuni mwa ganda, katikati ya pembe za juu zinazoshika cheni, penye kumi na mbili, na namba ya saa yenyewe iko upande wa pili, penye sita. Zote mbili zimefunikwa na mwisho wa cheni. Mpaka cheni itolewe ndipo zisomeke. Usitoe kwa kisu. Mikwaruzo mingi ninayoiona nyuma ya pembe ni ya visu vya jikoni.

Datejust ya chuma ya rika hilo, nzima, yenye uso wa kawaida, leo inauzwa kati ya dola 3,000 na 5,000 hivi, kutegemea hali yake. Bei si kubwa kwa sababu Rolex walizitengeneza nyingi mno, na bado zinavaliwa dunia nzima. Unaona basi dalali alikotoa 3,500 zake: amewapa bei ya Datejust isiyo na jambia. Nembo mnayoiulizia hakuilipia hata senti.

Je, anawaibia? Si lazima. Wenye jambia la kweli wapo na wenye la bandia ni wengi, naye hajaiona saa. Likitokea bandia, atabaki na uso ulioharibiwa, ambao thamani yake iko chini ya uso wa kawaida, na hapo 3,500 itakuwa bei nzuri kwenu. Ninachokishuku mimi ni ile Ijumaa. Saa imekaa mkononi mwa mzee wenu miaka zaidi ya thelathini. Wiki tatu zaidi hazitaipunguzia kitu. Anayekuharakisha hataki uulize mtu wa pili.

Hadithi ya jambia ni hii. Sultan Qaboos alipotwaa utawala Julai 1970, alianza kuagiza saa za Uswisi zenye nembo ya Oman au jina lake kwa Kiarabu, za kuwazawadia watu: maofisa wa jeshi, Waingereza wa kikosi maalumu cha SAS waliopigana vita vya Dhofar, kusini mwa Oman, watumishi, wageni wa serikali. Oda nyingi zilipitia Asprey, duka la vito la London, na baadhi ya saa hizo zina jina la duka hilo nyuma au ndani ya kifuniko. Zilikuwamo modeli za Rolex kama Datejust, Day-Date, Sea-Dweller, hata Daytona za dhahabu. Wakusanyaji huziita Khanjar, yaani jambia kwa Kiarabu, na huzilipia kwa sababu zilikuwa chache, hazikuuzwa dukani, na kila moja ina njia iliyopitia mpaka kumfikia mwenyewe.

Sisi wa Pwani na wa Zanzibar hatuhitaji kusimuliwa jinsi Oman ilivyofungua mlango baada ya 1970, na jinsi Kiswahili kilivyokuwa kikisikika katika ofisi na kambi za Muscat. Kwa hiyo maneno ya mzee yanaingia akilini. Lakini mnunuzi atauliza: mtunza stoo alipewaje zawadi ya namna hiyo? Jibu linaweza kuwa rahisi, pengine alipewa na ofisa aliyekuwa akiondoka, au kikosi chote kilizawadiwa. Jibu lolote litakalokuwa, litafuteni sasa wakati wenzake wa kambini wangali hai.

Jambia la kweli hujulikanaje? Fundi anayezijua saa hizi huweka uso chini ya lenzi ya kukuza mara kumi, kisha darubini. Huangalia wino wa nembo kama umekaa sawa na wino wa maandishi mengine, kingo zake kama ni kali, kipini cha jambia na mikunjo ya mkanda wake kama vinasomeka au vimevimba na kuungana. Nembo iliyoongezwa baadaye mara nyingi hukaa juu ya vumbi au juu ya doa la zamani, na hapo mchezo umekwisha: doa la miaka ya 1990 haliwezi kuwa chini ya wino wa miaka ya 1970. Madoa yenu ya kahawia, yale ambayo fundi wa mjini anataka kuyafuta, huenda yakawa shahidi wenu mkubwa.

Huangalia pia chini kabisa, pembezoni mwa uso penye sita. Saa za Rolex zilizotengenezwa miaka hiyo, zenye nukta za kung'aa gizani, huwa na herufi T kila upande wa neno Swiss, maana rangi ile ilikuwa na tritiamu, kitu chenye mionzi hafifu kinachoifanya ing'ae. Ukikuta neno Swiss peke yake kwenye saa inayodaiwa ni ya 1975, huenda uso ulibadilishwa wakati wa matengenezo miaka ya mwisho ya 1990. Rangi ya nukta za uso na ile iliyo kwenye mishale zinatakiwa ziwe zimezeeka pamoja. Kama nukta ni za rangi ya maziwa yaliyoungua na mishale ni myeupe pe, kimoja kati ya viwili hivyo kimeletwa kutoka saa nyingine. Kifuniko cha nyuma kikifunguliwa, ndani mara nyingi utakuta alama ndogo zilizokwaruzwa kwa sindano: tarehe na herufi za mafundi waliowahi kuihudumia. Zisifutwe. Nazo zinasimulia.

Usidhani wenye pesa nyingi hawadanganyiki. Novemba 2021 Omega Speedmaster ya 1957 iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3, rekodi kwa saa ya Omega. Mwaka 2023 ikabainika kwamba iliunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kampuni ya Omega, ambayo ndiyo iliyoinunua kwa ajili ya makumbusho yake, ikasema waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Tangu hapo wanunuzi wamekuwa wakali zaidi. Watakuuliza maswali ambayo miaka kumi iliyopita hawakuyauliza, na ukiwa na majibu utalipwa kwa ukali huohuo.

Turudi kwa fundi wa mjini. Simlaumu. Kwa mteja anayetaka saa ya kuvaa Idi, kupaka uso na kupiga polishi ni kazi halali. Kwa saa ya mkusanyaji ni kuichinja. Polishi haitoi uchafu peke yake, inatoa chuma. Kila ikipigwa, pembe za ganda hukonda na kingo zilizokuwa kali hulala. Kwenye modeli yenu kuna kipimo chepesi: pembe zina vitundu vya pini vinavyotokeza nje. Kitundu kikiwa katikati ya pembe na chuma kinene pande zote, ganda halijaguswa sana. Kikiwa kimesogea karibu na ukingo, limepigwa polishi si mara moja. Chuma kilichoondoka hakirudi, na mnunuzi huyapima hayo kwa jicho ndani ya dakika moja.

Uso ndio zaidi. Kwa saa ya zamani, uso hubeba sehemu kubwa ya bei, kwa hesabu yangu mara nyingi zaidi ya nusu. Uso wenye madoa lakini wa asili unanunuliwa. Uliopakwa upya unakwepwa, hata upakwe kwa ustadi gani. Nimeshaletewa Datejust iliyotoka Ghuba ikiwa imepakwa upya mahali fulani hapa Pwani. Nembo iliyokuwepo ilifutwa, ikachorwa nyingine kwa mkono ili «ionekane vizuri». Mwenyewe alikuwa na picha ya zamani ya saa ileile kabla haijaguswa, basi tukakaa tukitazama picha na saa, hakuna wa kusema kitu. Hakuna fundi duniani awezaye kuurudisha uso ule.

Kuhusu kuchelewa dakika kadhaa, hilo lisiwatie wasiwasi. Ndani kuna kamani, utepe wa chuma unaojikunja kadiri mkono unavyotembea, kwa sababu kipande kizito huzunguka kwenye mhimili wake na kuukaza. Kamani ikifunguka husukuma magurudumu, na magurudumu huachiwa kidogokidogo na gurudumu la mizani linalopiga huku na huku, mapigo 19,800 kwa saa kwenye mashine ya modeli 1601 ya miaka ya 1970. Ekseli za magurudumu hayo hukaa juu ya vijiwe vya rubi vyenye tone dogo mno la mafuta. Mafuta yakikauka, na joto letu la Pwani halisaidii, msuguano unaongezeka na mapigo yanalegea. Saa inachelewa, na ikiendelea kuvaliwa hivyo, chuma kinasagana na unga wake unasambaa ndani. Mhimili wa kile kipande kizito ndio wa kwanza kulika kwenye mashine hizo. Kwa hiyo ivueni. Msiivae, msiitikise kuona kama inatembea. Iwekeni mahali pakavu pamoja na kile kifuko cha silika kinachokuja ndani ya maboksi ya viatu, mbali na bafu na mbali na jua.

Savisi ya mashine itahitajika siku moja, na haina ubaya wowote kwa thamani, mradi mashine peke yake ndiyo iguswe. Hata ukiipeleka kwa wakala rasmi, andika kwenye fomu, kwa maneno yasiyo na utata: hakuna polishi, uso usibadilishwe, mishale isibadilishwe, kila kipande kitakachotolewa nirudishiwe. Kituo rasmi lengo lake ni kukurudishia saa inayofanya kazi kama mpya na kuwekewa dhamana, na kwa nia hiyo njema kabisa wanaweza kutaka kuondoa uso wenye madoa. Wakisema hawawezi kuipokea kwa masharti yako, chukua saa yako urudi nyumbani.

Kazi mnayoweza kuifanya wenyewe wiki hii ni ya makabati na masanduku. Tafuteni mkataba wa kazi wa mzee, pasipoti zake zote zenye mihuri ya Oman, kitambulisho cha kambi, barua yoyote, boksi la saa hata likiwa limechakaa, vipande vya cheni vilivyopunguzwa alipokuwa na mkono mwembamba. Kisha albamu. Picha ya zamani kuliko zote inayoonyesha saa ile mkononi mwake, hata kama jambia halionekani vizuri, ni karatasi ya thamani. Msiikate, msiibandue kwa nguvu. Kama kuna mzee aliyefanya naye kazi, mwombeni aandike anachokikumbuka, aweke jina, tarehe na sahihi. Rolex, tofauti na Patek Philippe, hawana utaratibu wa kukuandikia dondoo la kumbukumbu zao kuthibitisha saa ilitoka lini na ikoje. Kwa hiyo ushahidi wenu ni huo wa nyumbani.

Namba ya saa msiitume hovyo, wala msiiweke mtandaoni. Wapo wanaochonga namba za kweli kwenye saa feki.

Njia zilizo mbele yenu ni tatu, na kila moja ina maumivu yake. Kumuuzia mfanyabiashara ndiyo ya haraka. Pesa mnapata siku hiyohiyo, lakini yeye lazima abakishe faida na fidia ya hatari, kwa hiyo tegemeeni bei ya chini kabisa kuliko zote. Mnada ndio wenye wanunuzi wanaozifahamu Khanjar. Phillips, Christie's na Sotheby's hupokea picha na kutoa makadirio bila malipo, misimu mikubwa ya Geneva ni Mei na Novemba, na Christie's imewahi kufanya minada ya saa Dubai. Lakini mtasubiri miezi, mtakatwa ada, na kuna hatari ambayo watu huisahau: saa ikishindwa kufikia bei ya chini mliyokubaliana, matokeo yanabaki wazi kwa kila mtu, na kwa mwaka mmoja miwili ijayo wanunuzi wataiona kama mali iliyokataliwa. Njia ya tatu ni kutouza. Nimeona familia zilizouza kwa bei nzuri na bado zikajuta, kwa hiyo hiyo nayo ni njia, msiione kama uvivu.

Jambia likithibitika, mtarajie nini? Mara kadhaa ya bei ya Datejust ya kawaida, na karatasi zikiwa safi, zaidi. Dola 100,000 za mdogo wako sizioni. Datejust ya chuma iko ngazi ya chini katika familia ya Khanjar; zinazofika malaki ni Daytona na Sea-Dweller. Jambia likiwa la bandia, mna Datejust iliyochezewa, na dola 3,500 zitakuwa ngumu kuzipata popote.

Hilo la kununua Rolex mpya mbili zikae zipande, ningelikataa. Kwanza dukani hamtazipata mnazozitaka. Daytona ya chuma mwaka 2023 ilikuwa dola 15,100 kwenye orodha ya bei ya Marekani, na mitaani ikiuzwa karibu mara mbili. Tofauti hiyo anaila yule ambaye wakala alimkubalia, na wakala humkubalia mteja wake wa miaka mingi. Mkinunua mitaani, faida anayoiota mdogo wako imeshaliwa na mtu mwingine. Pili, bei hushuka. Patek Philippe Nautilus 5711, ambayo dukani ilikuwa dola 35,000 hivi, iliposimamishwa 2021 ilipanda mpaka ikavuka dola 150,000 mwanzoni mwa 2022. Desemba 2021 moja yenye uso wa buluu ya Tiffany iliuzwa mnadani kwa hisani dola milioni 6.5. Miezi michache baadaye riba zikapanda, pesa za kidijitali zikaanguka, na waliokuwa wamenunua kileleni wakapoteza makumi ya maelfu kwa saa moja. Na hizo ndizo saa zinazogombewa. Nyingi nyingine za Uswisi, nzuri kabisa za kuvaa, zinapoteza sehemu ya bei mara tu unapotoka nazo mlangoni.

Jibu la dalali liwe fupi: saa imo kwenye mirathi, haijathaminiwa, atajulishwa. Ni kweli tupu. Ninyi ni wanne, na saa hiyo ni mali ya wote mpaka igawanywe. Mmoja asiiuze kwa siri wala asiivae kama yake. Iandikeni kwenye orodha ya mali ya marehemu pamoja na namba zake, na kama mmoja wenu anataka kubaki nayo, awalipe wenzake kwa bei ya mthamini, isiwe ya dalali. Mkishindwa kuelewana, hapo Mombasa mna Mahakama ya Kadhi, na ni afadhali mfike huko saa ikiwa bado ipo.

Mambo yanayohitaji mtu wa kuiona kwa macho ni haya: kufungua kifuniko, kutoa uso, na kutoa kauli juu ya jambia. Mtafute fundi au mthamini anayefanya kazi na Rolex za zamani, akubali mkae naye mezani wakati anafungua, na awe hana nia ya kuinunua yeye mwenyewe. Kama ni lazima isafiri kwenda Dubai au Geneva, isitumwe kama kifurushi cha kawaida. Abebe mmoja wenu, au ipitie kampuni ya usafirishaji wa vito yenye bima, na mnapotoka nchini mhakikishe mna karatasi inayoonyesha ni mali yenu ya zamani, msije mkatozwa ushuru mnaporudi nayo. Mtatakiwa pia kuonyesha kwamba si ya wizi, maana wanunuzi wakubwa hupitisha namba kwenye daftari za saa zilizoibwa.

Kabla ya yote hayo nipigie picha nne mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu: uso mzima, nembo kwa karibu, pembe ukiitazama kwa ubavu, na kifuniko cha nyuma bila kukifungua. Bei sitaweza kukutajia kwa hizo, lakini nitaweza kukwambia kama safari ya kwenda kwa mthamini inafaa nauli yake.